Benki inasema naweza kukopa zaidi ya nilichoomba. Naombeni ushauri kabla sijasaini

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi na sitaki kuliamua kwa pupa.

Mimi ni muuguzi, ajira ya kudumu, mshahara unapitia benki kila mwezi. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, amejiajiri. Miezi ya joto wateja wanamfuata hadi nyumbani usiku, miezi ya baridi simu inaweza kukaa wiki nzima bila kulia. Tumepanga tangu tuoane. Sasa tumeona nyumba ya vyumba vitatu, imekwisha, mwenyewe anahama na anauza. Kianzio tunacho, kama moja ya kumi ya bei, tumekiweka kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Nilikwenda benki na kiasi tulichokipigia hesabu wenyewe. Afisa mikopo akaingiza mshahara wangu kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini akasema, "Dada, wewe una uwezo wa zaidi ya hapa." Kiasi alichonionyesha kilikuwa karibu mara moja na nusu ya nilichoomba. Riba asilimia 14, miaka 25, na akasema rejesho litakuwa dogo tu.

Mume wangu anaona tukichukue chote tutafute nyumba kubwa zaidi, kwa sababu watoto wanakua na nafasi kama hii haiji mara mbili. Mimi moyo unasita, ila sina hoja ya kumpa zaidi ya kusita kwenyewe.

Naomba kujua haya. Benki yenye wataalamu ikisema naweza, si ina maana kweli naweza? Kati ya miaka 25 na 15 nichague ipi? Kwenye karatasi wameandika riba "inaweza kubadilika", inabadilika vipi na kwa kiasi gani? Kipato cha mume wangu kitahesabiwa au ni mshahara wangu tu? Na la haraka kuliko yote: mwenye nyumba anataka tumkabidhi kianzio wiki hii, anasema kuna mnunuzi mwingine yuko tayari. Tumpe?

DawatiLaMikopo

Dada, nimekaa kwenye dawati la mikopo ya nyumba miaka mingi kabla ya kustaafu. Ngoja nikueleze ombi lako linavyosomwa ukiwa upande ule mwingine wa meza, kisha utakuwa na hoja ya kumpa mzee wako.

Kompyuta ile ilipewa vitu vichache: mshahara wako, makato yaliyopo, madeni yako mengine, umri wako na miaka iliyobaki hadi ustaafu. Ikatoa sehemu fulani ya kipato, wakopeshaji wengi huweka kikomo mahali fulani kati ya theluthi na nusu, kisha ikageuza sehemu hiyo kuwa mkopo. Haikuulizwa ada ya shule. Haikuulizwa dawa za mama yako wala nauli ya zamu za usiku. Haijui kwamba mwezi wa baridi mshahara wako ndio unaolisha nyumba nzima. Swali la benki ni moja: pesa yetu itarudi? Na jibu lake lina njia mbili, mshahara wako au kuuza nyumba. Wewe njia ya pili huitaki kabisa. Kwa hiyo kile kiasi kwenye skrini ni mwisho wa ujasiri wa benki, na benki ina ujasiri kwa sababu hati itakuwa kabatini kwao.

Sasa hesabu. Nitatumia mkopo wa 1,000,000 ili uweze kuzidisha mwenyewe kwa kiasi chako. Riba asilimia 14 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua (yaani kila mwezi unatozwa riba juu ya deni lililobaki tu), miaka 25: rejesho ni kama 12,038 kwa mwezi. Lakini angalia ndani ya rejesho hilo la kwanza. Riba ya mwezi mmoja peke yake ni 11,667. Kinachokwenda kupunguza deni ni 371. Mwezi wa pili riba inashuka kidogo sana, na kinachopunguza deni kinapanda kidogo sana, na hivyo hivyo. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya 722,000, na ukiomba salio utaambiwa bado unadaiwa karibu 968,000. Nimeona watu wazima wakilia mbele yangu siku walipoliona salio hilo. Walidhani benki imewaibia. Hakuna aliyeiba, ndivyo mkopo mrefu unavyofanya kazi, ila hakuna aliyewaonyesha jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Wewe liombe, mistari yote 300, na ukae nalo nyumbani na mume wako mkilisoma kwa kidole. Ni haki yako.

Mkopo huohuo kwa miaka 15: rejesho ni 13,317. Ni nyongeza ya 1,280 hivi kwa mwezi, kama moja ya kumi. Jumla ya utakacholipa inashuka kutoka 3,611,000 na kitu hadi 2,397,000 na kitu. Soma tena hapo. Unaokoa zaidi ya mkopo wenyewe.

Usikimbilie kusema basi miaka 15. Kwa familia yenye mshahara mmoja wa uhakika na kipato kimoja cha msimu, mimi ningeshauri mkataba mrefu ambao mshahara wako peke yako unaubeba bila kuhema, halafu miezi ya joto mzidishe malipo. Hesabu inakubali: mtu mwenye mkataba wa miaka 25 akilipa 13,317 kila mwezi badala ya 12,038, na riba isibadilike, anamaliza miaka 15 ileile. Tofauti ni kwamba mwezi mbaya ukija anaruhusiwa kurudi kwenye 12,038 bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini hilo linasimama au linaanguka kwa kifungu kimoja cha mkataba: je, unaruhusiwa kulipa zidio bila faini, na zidio linaingia kwenye deni la msingi (pesa uliyokopa yenyewe, bila riba) siku hiyohiyo? Sehemu nyingine zidio huwekwa pembeni kama rejesho la mwezi ujao, na hapo hujaokoa kitu. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Na kuhusu kuchukua chote: jaribuni kwanza. Chukua rejesho la ule mkopo mkubwa, toa kodi ya pango mnayolipa sasa, tofauti yake iondoeni siku mshahara unapoingia, iende akaunti ambayo hamuigusi. Fanyeni hivyo miezi kadhaa, na miezi hiyo ipitie kwenye msimu wa baridi wa mume wako. Mkiweza, mna kianzio kikubwa zaidi na rekodi ya kumwonyesha mkopeshaji. Msipoweza, mmelijua hilo mkiwa bado hamdaiwi.

KaraniWaHati

Nafanya kazi ofisi ya wakili, kazi yangu kila siku ni uhamisho wa hati. Nijibu hilo la haraka: usimkabidhi muuzaji pesa mkononi wiki hii. Mnunuzi mwingine yuko tayari kila mara, nimemsikia kwenye karibu kila jalada lililopita mezani kwangu.

Kabla ya pesa yoyote, wakili wenu (wenu, asiwe wa muuzaji) afanye upekuzi wa hati kwenye masijala ya ardhi. Tunatafuta jina la mmiliki kama linalingana na kitambulisho cha anayeuza, kama kuna rehani nyingine juu ya nyumba, kama kuna zuio la mahakama au la mtu mwenye madai, kama kodi za ardhi zimelipwa. Kisha tunauliza yasiyoandikwa. Mwenzi wake ameridhia kuuza? Nyumba ni ya urithi na ndugu wengine wana sehemu? Wakati mmoja hati ilikuwa safi kabisa, muuzaji ndiye mwenyewe, lakini mpima alipokwenda na ramani akakuta jiko na choo cha nje vimejengwa ng'ambo ya jiwe la mpaka, kwenye kiwanja cha jirani. Mnunuzi alikuwa ameshaipaka rangi nyumba kichwani mwake. Benki ilikataa siku hiyohiyo, na ilikuwa sahihi kukataa.

Mkishajiridhisha, kianzio kilipwe kwa mkataba wa mauziano, kikae kwenye akaunti ya wakili, na mkataba uwe na sharti kwamba mauzo yanategemea benki kuidhinisha mkopo na mthamini, yule anayeikadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya benki, kukubali bei. Benki ikikataa, pesa inarudi. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo kisha atasaini. Akikataa sharti hilo kabisa, jiulize kwa nini.

Hapo kwa mthamini ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanapokwama. Benki haikopeshi kwa bei mliyokubaliana na muuzaji. Inakopesha kwa bei hiyo au thamani ya mthamini, iliyo ndogo. Tuseme bei ni 100 na benki inatoa asilimia 90, mmejiandaa na 10. Mthamini akija akaandika 85, benki itatoa asilimia 90 ya 85, yaani 76.5. Muuzaji bado anataka 100. Ghafla mnatakiwa kuwa na 23.5 badala ya 10. Bila lile sharti kwenye mkataba, na kianzio kimeshaliwa, mtafanya nini?

Na hicho kianzio chenu cha moja ya kumi, msikihesabu chote kuwa kianzio. Kuna ushuru wa stempu au kodi ya uhamisho, ada ya wakili, ada ya mthamini, ada ya kusajili rehani, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, bima ya nyumba, bima ya mkopaji. Kila nchi ina viwango vyake, mwambie wakili akuandikie orodha yenye tarakimu kabla hujasaini chochote. Nyingi hulipwa taslimu, tena kabla ya funguo.

MlipajiMwakaWaSita

Dada, mimi nalipa, niko mwaka wa sita, na mkopo wangu ni wa riba inayobadilika. Nikueleze neno hilo "inaweza kubadilika" linavyofika nyumbani kwako.

Linafika kama ujumbe mfupi kwenye simu. "Mteja wetu mpendwa, kuanzia tarehe fulani rejesho lako litakuwa kiasi fulani." Basi. Hakuna mkutano wala majadiliano, kwa sababu ulishakubali siku uliposaini.

Riba ya namna hii kwa kawaida ina vipande viwili. Kimoja ni kiwango cha rejea, ambacho hupanda na kushuka kufuata benki kuu au soko. Cha pili ni nyongeza ya benki yako juu ya hicho. Cha kwanza hakuna anayekiweza. Ukitaka kuona kinavyoweza kwenda mbio, mwanzoni mwa Desemba 2021 kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Uingereza kilikuwa asilimia 0.1, na kufikia Agosti 2023 kilikuwa 5.25. Marekani nako walitoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi kati ya 5.25 na 5.5 Julai 2023. Watu waliokopa kwa riba ya kufuata soko, au ambao kipindi chao cha riba ya kudumu kiliisha katikati ya hapo, walikutana na rejesho jingine kabisa kwa nyumba ileile na mshahara uleule.

Tumia ile milioni ya DawatiLaMikopo. Riba ikitoka 14 kwenda 17, rejesho la miaka 25 linatoka 12,038 hadi 14,378. Ni karibu moja ya tano juu. Mimi yangu ilipopanda nilikwenda kuomba warefushe miaka ili rejesho libaki palepale. Ndipo binti wa dawatini akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: riba ya mwezi mmoja peke yake ilikuwa imeshalipita rejesho langu la zamani. Kwa hesabu yenu, asilimia 17 ya milioni moja ni 14,167 kwa mwezi, na rejesho la zamani ni 12,038. Hata ukirefusha miaka mpaka wajukuu, deni litaongezeka badala ya kupungua. Ilibidi tupunguze mambo mengine nyumbani, na tukapunguza kweli. Gari liliuzwa.

Sikutishi. Nyumba ninayo, na nafurahi kila nikifungua mlango wake. Ila muulize huyo afisa wako: kiwango cha rejea ni kipi na nitakiona wapi mwenyewe, nyongeza yenu ni asilimia ngapi na inaweza kubadilishwa na nani, mnapitia kila baada ya muda gani, na kiwango kikishuka nanyi mnashusha au mnasubiri niwaombe? Hilo la mwisho liulize ukimwangalia usoni. Wa kwangu kupandisha walikuwa wepesi, kushusha mpaka niandike barua. Na waulize kama wana chaguo la riba isiyobadilika kwa miaka ya mwanzo. Mara nyingi itakuwa juu kidogo, lakini mtu mwenye watoto wawili na mshahara mmoja wa uhakika, miaka michache ya kujua kesho atalipa nini ina thamani yake.

FundiBomba

Nami nimejiajiri kama shemeji, nilipata mkopo, kwa hiyo nijibu hapo.

Kipato chake kinaweza kuhesabiwa, lakini kile tu kinachoonekana. Pesa aliyolipwa mkononi akanunua nayo mchele na vipuri, kwa benki haipo. Aanze leo: kila mteja amlipe kwa akaunti au kwa simu, na akilipwa taslimu aiweke benki yote kwanza ndiyo atoe matumizi. Awe na kitabu cha risiti chenye namba mfululizo. Alipe kodi ya mapato na atunze karatasi. Wengi huomba taarifa ya akaunti ya miezi sita hadi mwaka, wengine zaidi, halafu wanachukua wastani au hata wanapunguza wastani huo kwa sababu wanajua mwezi mbaya upo.

Jambo moja asilifanye: kukopa pesa kwa rafiki akaiweka akaunti ionekane nene. Wanaiona. Kiasi kikubwa kilichoingia mara moja kisicho na maelezo kinaulizwa, na ukishindwa kujibu hata zile pesa zako halali zinatiliwa shaka.

Na mjue mkiomba pamoja, kila mmoja anadaiwa deni lote. Watu hudhani kila mtu nusu yake. Hapana, mmoja akishindwa mwingine anabeba zima. Basi hakikisheni na hati ina majina yote mawili. Msikubali kudaiwa wawili halafu mmiliki akawa mmoja.

BilaRiba

Dada, hukusema kama riba kwako ni suala la imani. Kama ni hivyo, au hata kama ungependa tu rejesho linalojulikana, ulizia taasisi zinazofuata sharia ya Kiislamu. Kwa murabaha taasisi inanunua nyumba kisha inakuuzia kwa bei ya juu mnayokubaliana mwanzoni, unalipa kwa awamu, na bei hiyo haipandi soko likipanda. Kwa musharaka inayopungua mnanunua kwa ubia, unalipia pango la sehemu yao huku ukinunua hisa zao kidogo kidogo hadi nyumba inabaki yako. Huko pango linaweza kupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo soma. Na ulinganishe jumla ya mwisho kama unavyolinganisha benki nyingine yoyote, jina zuri halipunguzi bei.

MamaWawili

Jamani, sijui niwashukuru vipi. Jana tulikaa mezani na mume wangu watoto walipolala, nikamsomea yote. Ile ya kulipa 722,000 ukabaki unadaiwa 968,000 aliniomba niirudie, kisha akachukua simu akapiga hesabu mwenyewe. Hakusema tena habari ya nyumba kubwa.

Tumekubaliana kiasi chetu cha mwanzo. Muuzaji tumemwambia pesa itapita kwa wakili na kwa sharti la mkopo. Alinung'unika, leo asubuhi amekubali tukutane kwa wakili. Huyo mnunuzi mwingine hakutajwa tena.

Ila limezuka jingine. Mume wangu ameleta karatasi ya taasisi nyingine ya mikopo, si benki, wao wanasema riba asilimia 10 kwa miaka 10. Rafiki yake alikopa hapo. Anauliza, kwa nini tulipe 14 wakati kuna 10? Kwenye karatasi yao sioni neno "salio linalopungua" mahali popote, imeandikwa tu "asilimia 10 kwa mwaka ya kiasi cha mkopo". Ni kitu kilekile?

DawatiLaMikopo

Umefanya vizuri sana kuona neno hilo halipo, kwa sababu ndilo lenye pesa.

"Asilimia 10 ya kiasi cha mkopo" maana yake unatozwa riba juu ya milioni nzima mwaka wa kwanza, juu ya milioni nzima mwaka wa tano, na juu ya milioni nzima mwaka wa kumi, wakati huo umeshairudisha karibu yote. Piga: asilimia 10 ya 1,000,000 ni 100,000 kwa mwaka, mara miaka 10 ni 1,000,000. Jumla unarudisha 2,000,000. Gawanya kwa miezi 120, rejesho ni 16,667.

Sasa ichukue asilimia 14 ya benki yako, salio linalopungua, kwa miaka 10 ileile. Rejesho ni 15,527. Hiyo 14 ni nafuu kwa zaidi ya 1,100 kila mwezi. Ukitaka kuigeuza hiyo 10 yao iwe katika lugha ya salio linalopungua, inakuwa karibu asilimia 16.

Kwa hiyo msilinganishe asilimia na asilimia. Waambie kila mmoja akuandikie vitu vitatu kwa mkopo uleule na miaka ileile: rejesho la mwezi, jumla ya kila kitu hadi siku ya mwisho pamoja na ada zote, na salio baada ya miaka mitano. Anayekataa kuandika hilo la tatu, achana naye. Namna hii ya kutoza ndiyo inayoumiza zaidi mtu anayetaka kulipa mapema kama ninyi, maana baadhi yao wanadai riba yote ya miaka 10 hata ukimaliza mwaka wa nne.

MamaWawili

Nimeelewa, na yeye ameelewa. Swali la mwisho, msinichoke. Benki wamesema lazima nikate bima ya mkopo, na wamesema malipo ya bima "yataingizwa kwenye mkopo ili nisisumbuke". Hii bima inanilinda mimi au inailinda benki?

DawatiLaMikopo

Wote wawili, ila kwa zamu. Ukifariki, bima inailipa benki salio lililobaki, na watoto wanabaki na nyumba isiyo na deni. Mimi ni shabiki mkubwa wa bima hii, nimeona familia zilizobaki na paa kwa sababu yake. Lakini uliza inamhusu nani. Kama jina lililokatiwa ni lako tu na mmeomba wawili, mume wako akifariki hailipi kitu. Uliza ulemavu wa kudumu na kupoteza kazi vimo au havimo. Jaza fomu ya afya kwa ukweli wote, hata ile presha iliyopimwa juu wakati wa ujauzito, kwa sababu kampuni ya bima huja kufukua majalada siku ya kudai. Na uulize kama una ruhusa ya kuikata kwa kampuni unayoichagua mwenyewe. Mara nyingine ni bei tofauti kabisa.

Kuhusu "kuingizwa kwenye mkopo": maana yake unakopa pesa ya bima kwa asilimia 14 kwa miaka 25. Kila 10,000 ya bima itakayoingizwa humo utairudisha kama 36,000. Kama kuna njia ya kuilipa kila mwaka, au taslimu sasa hivi kutoka kwenye akiba, lipa. Kama haipo, basi iwe ndiyo zidio lenu la kwanza msimu wa joto utakapoanza.

KaraniWaHati

Niongeze kidogo hapo, kabla hamjakutana kwa wakili. Nendeni na barua ya ofa ya benki yenyewe, siyo picha ya kwenye simu, mwende na vitambulisho vyenu vyote viwili na cheti cha ndoa. Na mwambie wakili aandike majina kwenye mkataba kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la mume wako likiandikwa kwa namna moja kwenye mkataba na nyingine kwenye hati, uhamisho utarudishwa masijala na benki haitatoa hela mpaka lirekebishwe, huku muda wa ofa unakwenda.